Mkalimani wa Mheshimiwa

Wakili Lomuria alizaliwa mpakani, akakulia mjini, akarudi kuomba ubunge kwa watu wasiojua Kiswahili, naye lugha yao hajui hata salamu. Kwa karatasi ya korti akakizungushia kisima chao seng'enge: hakuna maji mpaka kura zipigwe. Akamwajiri Akiru, mwenye digrii mbili na kazi sufuri, awe mkalimani.

"Nipe sentensi moja ya kwao niikariri. Iwakonge roho."

"Iko, bosi. Watapiga makofi mpaka viganja viwake."

Jukwaani akaitamka mara tatu. Makofi yakarindima, kisha watu wakabeba mitungi, wakaenda kung'oa seng'enge.

"Kwani nimesema nini?"

"Umesema kisima ni chao."

"Nakanusha, sasa hivi."

Akiru akamrudishia kipaza sauti. "Kanusha, bosi. Mimi natafsiri."