Mahindi ya Msiba wa Nakunda

Mtu mmoja alikuwa na magunia mawili ya mahindi ya mbegu, yaliyopakwa dawa ya kuua wadudu. Msimu wa kupanda ulipita, mahindi yakabaki. Mtu huyo, Elieza Mrutu, aliyaosha mpaka rangi nyekundu ikatoka, akayaanika juani siku tatu. Kwa macho yakawa kama mahindi mengine.

Jumatano asubuhi alikuja Nakunda, jirani wa ng'ambo ya mto, aliyefiwa na mumewe. Alisema wazi haja yake: alitaka mahindi ya chakula, ya kuwalisha watu wa msiba. Elieza aliingia ndani, akachota konzi ya mahindi kutoka ghala la nyumba yake mwenyewe, akamwonyesha. Nakunda alitafuna punje moja, akaridhika. Wakapatana bei, akalipa, yale magunia mawili ya mbegu yakapakiwa kwenye baiskeli za shemeji zake. Elieza alijiambia kwamba mali imeshatoka mikononi mwake na lolote litakalofuata si lake.

Alhamisi, jua lilipopanda, alikuta kuku wake wanne wamekufa pale alipokuwa ameanika mahindi. Wa tano alikuwa akizunguka huku kichwa kimepinda. Elieza alimtazama kuku huyo mpaka akaanguka. Alivaa viatu, akavivua, akaketi. Akisema ukweli, nani atanunua kwake tena, na watamfanya nini? Asiposema, huenda wasijue. Msibani watu huugua kwa mambo mengi. Alitafuta moyoni maneno ya kujitetea akayapata: mama yule alionja mwenyewe, akakubali mwenyewe. Lakini kila alipoyarudia, aliona watu wamekaa kwenye mikeka, wakinawa mikono.

Akatoka mbio bila viatu. Mtoni aliteleza akaumia goti. Kutoka ukingoni aliona moshi wa majiko matatu, na wanawake wakipakua ugali.

"Msile!" alipiga kelele. "Mahindi yana sumu! Niliyokuonyesha, Nakunda, siyo niliyokuuzia!"

Mama mmoja alimpiga mwanawe mkononi, tonge likaanguka. Kisha wote wakageuka kumtazama mzee Kiondo, baba wa marehemu, kwa maana yeye kwa heshima alikuwa ametangulia kupakuliwa, na sahani yake ilikuwa imebaki nusu.

Walimkimbiza zahanati. Elieza alikaa mlangoni siku mbili, na hakuna aliyempa salamu. Kila mlango ulipofunguliwa, alisimama kuuliza hali ya mzee. Siku ya tatu mzee aliweza kunywa uji. Aliishi, ila mkono wake wa kulia haukuacha kutetemeka.

Wazee walipokaa kuamua, mtu mmoja alimtetea Elieza: mnunuzi alikagua, akalipa, akachukua, biashara iliishia pale. Nakunda alisimama. Hakupaza sauti. Alisema alichokagua ni konzi moja, na aliyeijua iliyobaki ni mwenye kuuza peke yake. Wazee wakamwamuru Elieza amrudishie Nakunda bei yake yote, amtibu mzee na kuwalisha waliolala na njaa siku ile.

Ndugu zangu, mjane alisema haja yake, na mwuzaji akasema ndiyo. Hapo mapatano yalifungwa, nayo yalikuwa mapatano ya chakula, wala hayakufunguliwa kwa sababu mali ilivuka mto. Aliyeuza ni kila mmoja wetu anayeahidi. Mjane ni yule anayetuamini kwa sababu hana namna ya kuona ndani. Elieza alifika kabla ya wengi kula, na bado mkono wa mzee unatetemeka. Wewe uliyeketi hapa umetulia, kuna nani sasa hivi anayenawa mikono kwa kuliamini neno lako?