Mikono Miwili, Bi Kenge

Paukwa?

Pakawa.

Nije, nisije?

Njoo.

Nije na nini?

Na uongo wako.

Na nikichoka njiani?

Utakaa.

Basi nishakaa. Nimefua mashuka ya watu tangu asubuhi, mgongo si wangu tena, kwa hiyo nitasema polepole. Anayetaka mbio akamsikilize mwingine.

Hapo zamani kulikuwa na bwawa. Kiangazi kikishika, mito yote inabaki tope, lakini bwawa hilo halikauki. Kila mnyama alilitaka. Wakagombana mpaka wakachoka, kisha wakapatana: kila mwaka majike wa mito yote wakutane hapo waogelee, na atakayeshinda, bwawa ni lake mpaka mvua irudi. Walitoka Rufiji, walitoka Tana, walitoka Malagarasi, kila mmoja na watu wake wa kumshangilia. Mtindo ulikuwa mmoja tu, mtindo wa chura. Kifua chini, mikono vuta, miguu piga, teleza. Mkia marufuku.

Mtasema basi Chura ndiye alikuwa anashinda, si mtindo wake? Wapi. Mshindi alikuwa Bi Kenge, mwaka nenda mwaka rudi. Ana kifua, ana mikono, na ana tumbo lisilojua kushiba. Akilipata bwawa anakula mayai ya bata, anakula mayai ya kanga, anakula samaki, akimaliza samaki anakula wapangaji.

Mwaka mmoja Fisi Maji wa Tana alimtangulia. Aligusa gogo la mwisho kwa mkono mmoja, mkono mwingine anawapungia watu wake. Bi Kenge akatoka majini anafoka.

"Mkono mmoja? Huo uogeleaji gani? Mtu aguse gogo kwa mikono miwili, kwa pamoja, la sivyo atolewe."

Mwamuzi alikuwa Kobe. Kobe hana haraka na jambo lolote, hata kusema uongo kwake ni kazi. Akafikiri weee, akakubali. Fisi Maji akatolewa, na sheria ikabaki.

Sasa mwaka huu ninaousema, Chura alikuwa na watoto bwawani. Viluwiluwi tele, mkia mtupu, hata mguu mmoja hawajaota. Na mtoto asiye na miguu utamhamishia wapi? Chura akamfuata Bi Kenge, akamkuta ameanika tumbo juani.

"Dada, ukishinda niachie kipembe kidogo tu cha bwawa, mpaka wanangu waote miguu."

"Wamenona?"

"Wadogo, dada."

"Wengi?"

Chura akageuza macho majini.

"Wengi," akasema Bi Kenge, akafumba macho.

Chura akarudi zake. Alikuwa amechoka. Kuzaa kumemchosha, kulinda kumemchosha, na kuomba ndiko kulikommaliza kabisa. Lakini hakulala. Akazama topeni, akaibuka na jiwe jeupe la mviringo. Akalisukuma, akapumzika. Akalisukuma, akapumzika. Akalifikisha juu ya gogo la mwisho, akalizungushia nyasi likakaa kama liko kiotani. Halafu ndiyo akalala.

Siku ya mashindano wakajipanga ukingoni. Chura akasimama ubavuni mwa Bi Kenge, anapiga miayo.

"We Chura, umechoka hata hatujaanza?"

"Nimechoka, dada. Mie wala sifuati ushindi. Nina yai langu la kanga pale kwenye gogo, nikifika nile, nirudishe nguvu."

"Yai?"

"Moja tu. Bichi."

Chura hali mayai. Hata nyie mnajua. Lakini mlafi akisikia yai haulizi linaliwa na nani.

Kobe akainua shingo. "Haya."

Chubwi, wote ndani. Vuta, piga, teleza. Bi Kenge mbele. Vuta, piga, teleza. Chura nyuma yake. Vuta, piga, teleza. Fisi Maji na wenzake huko nyuma wanakunywa maji. Bi Kenge angeshinda, nisiwadanganye. Alikuwa na nguvu za kwenda na kurudi. Gogo lilipokaribia, akasikia sauti kisogoni pake.

"Yai langu hilo, dada. Usiliguse, nakuomba."

Bi Kenge akatupa jicho juu. Akaona cheupe. Mkono wa kulia ukaenda kwenye gogo. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye yai. Pa. Yai mdomoni, kra, na jino likaanguka majini, dumbwi.

Chura akafika nyuma yake. Mikono miwili, kwa pamoja. Pa.

Kobe akaja. Alikuja kwa mwendo wake ule ule, na watu wa mito yote wakamngoja.

"Bi Kenge, mkono wa kushoto ulikuwa wapi?"

"Kwenye yai."

"Yai liko wapi?"

"Ni jiwe," akasema Bi Kenge, ameshika shavu.

"Basi mkono ulikuwa kwenye jiwe. Sheria inasema gogo." Kobe akapumzika kidogo. "Na sheria ni yako."

Bi Kenge akaondoka siku hiyo hiyo, na bwawa likawa la Chura. Akaingia majini. Hakuogelea, akaelea tu, na wanawe wakamzunguka.

Muda si muda viluwiluwi wakaota miguu. Siku walipoota, wakaruka, chu, chu, chu, kila mmoja na dimbwi lake huko. Hakuna aliyeaga. Bwawa lote lile likabaki na Chura peke yake. Wengine wanasema alilia. Mie nasema alilala.

Hadithi nimeifua, nimeikamua, nimeianika. Mwenye mikono aianue.

Tumeianua.

Na funzo lake mlishike: katika dunia hii anayeshinda ni yule mwenye nguvu, anayejituma kwa haki, bila hila hata chembe. Ndivyo nilivyofundishwa nikiwa kama nyie. Nikalifuata funzo hilo maisha yangu yote, na mnaona nilipofika. Haya, nisogezeeni beseni lile, kuna mashuka bado.