Mlango Uliovaa Sufu

“Na yeye atavaa nini?”

Bibi mmoja aliuliza hivyo, mkono wake ukiwa bado shingoni mwa kondoo wake. Dada fundi wa sufu alikuwa ameshashika mkasi.

Wapendwa, hiki kilikuwa kijiji cha milimani, kule ambako Desemba ni mvua na ukungu. Kondoo wa kule hunyolewa mwezi wa kumi, jua likiwa kali. Mwenye mimba huachiwa sufu yake mpaka azae na mvua ziishe. Hilo kila mtu kule analijua, hata mlevi. Lakini wazee wa kanisa walitaka shada la Krismasi la kutundika mlangoni, la sufu nyeupe, nene, na kondoo pekee aliyebaki na sufu ya namna hiyo alikuwa huyu wa bibi, mwenye mimba.

“Bibi, ni kwa ajili ya nyumba ya Bwana,” dada alisema kwa upole. “Kweli umnyime Bwana sufu?”

Mnaisikia hiyo? Nani angebisha?

Akanyoa. Kwa siku tatu aliishi kama mtu aliye ndotoni. Aliosha sufu, akaichana mpaka ikawa nyepesi kama pumzi, ikajaa chumba kizima, naye akajiona kama ameketi ndani ya wingu. Akaizungushia pete ya mianzi, akainyunyizia maji moto yenye sabuni, akaisugua polepole huku akiimba puani wimbo usio na maneno, hadi nyuzi zikashikana zikawa kitu kimoja. Akashonea vitufe vyekundu, kama matunda. Dirishani ukungu ulipita, mweupe juu ya weupe. Mara moja tu alidhani amesikia mlio huko nje, mwembamba, wa kutetemeka. Akaendelea kusugua.

Asubuhi ya Krismasi shada lilining’inia mlangoni, na kila aliyeingia alilipapasa kama shavu la mtoto. Mchungaji akalisifu mimbarini. Dada akainamisha kichwa, moyo umemjaa. Ndipo mlango ukagongwa, kwa chini, kwa kwato.

“Ni yule kondoo wa bibi,” mzee wa zamu akachungulia ufani, akanong’ona. “Yuko uchi kama kiazi kilichomenywa! Nikimfungulia atatuchafulia kanisa.”

“Tia komeo basi, kwaya inaanza,” mzee mwenzake akasema.

Dada alisikia. Alikuwa benchi la mwisho, hatua tatu kutoka mlangoni. Lakini watu walikuwa bado wanageuka kumtazama, wanatabasamu, na jamani, kutazamwa hivyo ni kutamu! Akakaa. Kwaya ikaimba beti zote za Mwanakondoo aliyezaliwa kwenye baridi.

Mlango ulipofunguliwa, kondoo alikuwa amesimama mvuani, pua ameiinua juu, ananusa sufu yake mwenyewe. Chini yake alilala mwanakondoo, ndiyo kwanza azaliwe, na bibi alikuwa amepiga magoti akimfunika kwa kanga iliyolowa. Dada akalirukia shada, akaling’oa, akaanza kulichambua apate sufu ya kumfunika. Halikuchambuka. Sufu iliyosuguliwa vile kwa maji moto na sabuni hairudi tena kuwa sufu. Akavuta kwa kucha. Akavuta kwa meno.

“Acha, mjukuu wangu,” bibi akamwambia. “Ameshakufa.”

Mlango ulikuwa umevaa. Kondoo hakuwa amevaa. Na ndani watu walikuwa wanaimba!

Sasa msiharakishe kumhukumu yule dada, maana sisi ni nani? Sisi tuliopamba ukumbi huu kwa taa na mashada mpaka unameremeta, tunajua ni nani aliyedeki sakafu hii tangu saa kumi na moja alfajiri? Ni nani aliyepanda ngazi kuyatundika mapazia haya, na magoti yake yale mabovu? Anaitwa Mama Tusajigwe. Miaka mitatu nimekaa chuo hiki, na jina lake nimelijua jana. Tumechukua mgongo wake, tumechukua mikono yake, kisha tukamwambia ibada hii ni ya wanafunzi. Hivi ninavyosema upendo, upendo, yuko hapo nje barazani na ndoo yake, na mvua mnaisikia wenyewe.

Kaka uliyekaa karibu na mlango, naomba umfungulie.