Bibi Mbuke na Chatu Asiyeona

Paukwa!
Pakawa!
Mlio mbali, sogeeni. Mlio karibu, tulieni. Leo namtaja mtu wetu.

Hapo zamani za kale, panya walipokuwa wengi kuliko nafaka, kijiji kimoja kilifuga chatu. Aliitwa Limbe. Alizunguka ghalani, swaa, swaa, akila panya. Wageni walikimbia, watoto walimpapasa. Mlezi wake alikuwa Bibi Mbuke, mwanamke wa sauti ya chini, asiyejua kurudi nyuma.

Mwaka mmoja jua liliwaka. Mto ukakauka, hewa ikakauka, midomo ya watu ikapasuka. Limbe akaanza kujivua gamba. Miaka yote lilitoka zima, kama mtu avuavyo kanzu. Safari hii lilikatika vipande. Kimoja kikaganda mgongoni. Kimoja kikambana mkia. Na machoni, utando mweupe.

Asubuhi, Kwandu aliingia ghalani kuchukua mtama. Pap! Limbe akamng'ata mkono.

Chatu hana sumu, lakini damu ni damu. Lushinge, mumewe Kwandu, akaja na mkuki, kijiji kizima nyuma yake.

"Bibi, toka mlangoni. Joka limegeuka!"

"Limbe hajageuka, mwanangu. Limbe haoni."

Akapunga jani mbele ya macho ya chatu. Kushoto, kulia. Kichwa hakikufuata.

"Basi mbandue hilo gamba!"

"Ukilibandua kavu, unang'oa na jicho. Nataka maji, sitaki mkuki. Na ukitaka kumchoma, anza na mimi."

Lushinge hakusogea. Aliyesogea ni Kwandu, mkono umefungwa kitambaa, mtungi kichwani.

"Bibi, maji haya hapa."

Wakayapasha hadi yakawa vuguvugu, wakayamimina katika hori la ng'ombe. Chubwi! Limbe akalowa, Bibi kamshika kichwa kisizame. Kisha akamwacha apenye katikati ya nguo mbichi. Swaa, swaa, vipande vikabaki kwenye nguo. Mkia ukafunguka, damu ikapita.

Macho je? Bado.

"Tumia mwiba, Bibi," watu wakamwambia.
"Hapana."
"Tumia ukucha."
"Hapana. Jicho linangojewa."

Akahamishia mkeka wake ghalani. Kila siku alinyunyiza maji kwenye kona aliyolala Limbe, akamwekea gogo la kujisugulia. Watu walinong'ona. Bibi alinyunyiza.

Gamba lililofuata likatoka zima, kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Na pale penye macho, vigamba viwili vyepesi kama ganda la kitunguu. Limbe akainua kichwa. Akamtazama Bibi. Akamtazama Lushinge.

Lushinge akapiga magoti. "Shikamoo, Bibi."
"Marahaba, baba. Inuka, ngoma inalia."

Ti-ti, ndu! Ti-ti, ndu! Kwandu akaingia uwanjani, Limbe mabegani, shingo juu kama malkia. Na kijiji chote kikaimba jina moja: Mbuke! Mbuke!

Jamani, anayekung'ata huenda haoni. Mtoe utando kwanza, na uutoe kwa maji, si kwa mwiba.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliye na nyingine na atupe.