Jiwe Jeusi la Bi Kobe

Hamjambo, wadogo zangu? Sogeeni, sogeeni. Wewe mwenye muwa, acha kutafuna kidogo, unanipotezea mstari. Nyamazeni hata nisikie mnavyopumua. Ehee, hapo hapo. Hii nimeiandika kwa mkono wangu, nitaisoma taratibu nisiruke hata neno.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walishikana kujenga bwawa, ili mvua za masika zikinyesha maji yabaki mpaka kiangazi. Kila mmoja alipewa kipande chake cha tuta. Tembo alibeba udongo, Nyati aliukokota, na wadogo waliushindilia kwa mchi, pu! pu! pu! mpaka ukawa mgumu kama sakafu.

Siku saba walifanya kazi. Siku ya nane hawakugusa jembe. Walikaa duara juu ya tuta, wakaulizana: Tumefanya nini vizuri? Tumekosea wapi? Tubadilishe nini? Wenyewe walikiita kikao cha kutazama nyuma.

Lakini kikao chenyewe sasa! Nyati ndiye aliyekuwa msimamizi. Alipiga kwato chini, kwatu!

"Nani kakosea? Semeni!"

Kila mtu akatazama miguu yake.

"Bi Kobe! Wewe vipi?"

"Mimi... niliona kwamba... pale kwenye..."

"Haya, haya, kaa! Tutalala hapa! Mwingine!"

Bi Kobe akarudisha kichwa ndani. Nyumba yake ilikuwa chini ya tuta, na hapo mlangoni alikuwa amefukia mayai yake kumi na moja kwenye mchanga wa joto.

Sasa, aliyekiogopa kile kikao kuliko wote alikuwa Kindi. Kipande chake kilikuwa pale konani, juu ya nyumba ya Bi Kobe. Wenzake wakishindilia, yeye alimwaga udongo tifutifu, akaupigapiga juu juu kwa mkia, akatandika majani mabichi ukapendeza. Halafu huyoo, mbio, kuokota kokwa mwituni.

"Siku wakiuliza vizuri, nimekwisha," alijisemea. "Dawa ni wasiulize."

Siku ya nane iliyofuata akaja na ngoma kwapani, mahindi ya kuchoma, na kibuyu kikubwa.

"Jamani, mnafanya kikao au mnazika? Mzee Nyati, shikamoo. Naomba leo uniachie mimi."

"Marahaba. Wewe kidole gumba utaongoza nini?"

"Nitaongoza furaha, Mzee wangu! Sikilizeni. Kila mtu atatumbukiza jiwe kibuyuni. Jeupe, jambo zuri. Jeusi, kosa. Kila jiwe ulitie alama yako, na jeusi, ukitaka, ulipake kitu cha pale palipoharibika. Hakuna kusema, hakuna kufokewa. Meupe nitayasoma hadharani. Meusi niachieni mimi, nitayashughulikia kimyakimya, asiaibike mtu."

"Lo!" alisema Tembo. "Hiyo nimeipenda."

Basi mawe yakaingia, ko! ko! ko! Kindi akayasoma meupe kwa kuimba, ndu-ndu-ndi! Akaigiza Tembo anavyobeba udongo, matako huku, masikio kule. Tembo akacheka mpaka akakaa juu ya mahindi. Hata Nyati alicheka, na meno yake hakuna aliyewahi kuyaona.

Meusi? Kindi aliyatia mfukoni bila kuyatazama, akaenda kuyamwaga shimoni kwake. Moja tu alilitazama. Hilo lilimganda kidoleni. Lilikuwa limepakwa tope bichi, na ndani ya tope mlikuwa na majani. Majani yake mwenyewe.

Kikao kilipokwisha, Bi Kobe alimfuata polepole.

"Kindi, mwanangu. Asante. Siku zote nimekuwa nikianza kusema, nakatizwa. Leo nimesema mpaka mwisho."

Kindi alitabasamu. Tabasamu lenyewe lilimkwama shavuni kama kokwa.

"Umeliona jiwe langu? La tope?"

"Linashughulikiwa, Bi Kobe!"

Wiki ya pili, baada ya manyunyu ya usiku, likaja tena jiwe la tope. Safari hii lilikuwa linatona maji.

"Kindi, lile jambo langu..."

"Linashughulikiwa!"

Akashika mchi kweli, akaenda mpaka konani. Akaona jinsi kazi ilivyo nyingi, mawingu yako mbali, kokwa zimeiva. "Kesho," akasema. Kesho kulikuwa na ngoma mpya ya kufanyia mazoezi, maana wenzake walikuwa wanakisubiri kikao kama harusi.

Wiki ya tatu, jiwe la tope. Bi Kobe hakuuliza tena. Alimtazama tu, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwamini mwenzake.

Siku ya pili yake, mchana, masika ikashuka. Shaaa! Bwawa likajaa, wanyama wakacheza mvuani. Kisha konani, chururu... chururu... pwaaa! Tuta likapasuka. Maji yote, maji ya kiangazi kizima, yakapita juu ya nyumba ya Bi Kobe.

Yeye mwenyewe walimkuta kifudifudi topeni, mzima. Wakachimbua mchanga mpaka jioni. Yalionekana mayai saba. Manne hayakuonekana.

Kesho yake wakakaa kikao kwenye tuta lililobaki. Hakukuwa na ngoma.

"Makosa si yalikuwa yanashughulikiwa?" aliuliza Tembo. "Kindi, kuna aliyekuambia habari za kona hii?"

Kindi jibu alikuwa nalo tayari: Hakuna, Mzee. Nani angejua? Mawe yalikuwa shimoni kwake. Hila ilikuwa imefaulu kabisa.

Akamtazama Bi Kobe. Alidhani atamtaja. Bi Kobe alikuwa anapangusa yai moja kwa jani, polepole, kama hayupo.

Kindi akatoka mbio. Nyati akanguruma, "Anatoroka huyo!" Lakini Kindi alirudi, anaburuta mfuko, akaumwaga katikati ya duara. Kokoroko! Mawe meusi, rundo zima.

"Bi Kobe aliniambia," alisema. "Mara tatu. Kona ni yangu. Sikushindilia. Kibuyu nilikileta ili msiniulize."

Nyati akasimama. Kindi akafumba macho, akingojea kwato. Lakini Nyati aliinama juu ya rundo, akachomoa jiwe lenye mkwaruzo wa pembe.

"Hili langu," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hawakuijua. "Nilimaanisha kwamba kelele zangu zinawanyima wenzangu kusema. Nikadhani Kindi amelisoma."

"Na hili langu," alisema Tembo. "Mimi humwaga udongo mkavu, naona uvivu kuulowesha."

Mmoja mmoja wakayaokota. Kila mtu alitaja kosa lake, na hakuna aliyefoka. Tembo alipokiri kwamba mwiko wa udongo, ule waliokuwa wameutafuta siku nzima, aliukalia yeye, mtu mmoja akacheka, wakacheka na wengine. Kicheko cha kweli, bila mahindi wala ngoma. Kindi akagundua kwamba kikao cha furaha kilikuwa ndani ya mawe yale aliyoyaficha shimoni kwake wiki zote tatu.

Bi Kobe hakucheka. Aliyafunga mayai yake saba kwenye majani.

"Unahama, Bi Kobe?" aliuliza Kindi.

"Nakwenda mlimani."

"Nitakujengea tuta. Nitashindilia mwenyewe, usiku na mchana..."

"Mchezo wako ulikuwa mzuri, mwanangu," alisema Bi Kobe. "Mzuri kweli." Akaondoka, polepole kama kawaida yake, na Kindi akawa na muda mrefu wa kumtazama.

Tuta walilijenga upya, ila maji ya mwaka ule hayakurudi. Kila siku ya nane Kindi ndiye huanza, huweka jiwe lake jeusi mbele ya wote na kulisema. Na kwenye duara huacha nafasi moja, ya kukaa kobe.

Fundisho ni hili, wadogo zangu: ukilijua kosa lako, litaje mapema, kabla halijamfikia mwenzako mlangoni.

Haya, daftari nalifunga, nina safari ya kurudi kwangu. Nitakuja tena. Na siku hiyo kabla sijasoma chochote, niambieni leo nilikosea wapi, nami nitakaa nisikilize mpaka wa mwisho amalize.