Mbeleko ya Hoza

Hapo zamani, enzi ukungu ulipokuwa ukishuka mlimani na kumeza mtu na njia yake, mwanamke aitwaye Hoza alipotea msituni na mwanawe Kiluwa mgongoni, amemfunga kwa mbeleko. Akazunguka, akazunguka, hata maziwa yakamkauka. Mtoto alilia, akachoka, akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikomtia Hoza hofu.

Ndipo alipoufikia mzambarau, mkubwa ajabu, shina halikumbatiki. Mti ukainamisha tawi. Hoza akala, akamkamulia mtoto matunda kinywani. Kiluwa akafumbua macho, akacheka, midomo rangi ya zambarau. Hoza akapiga magoti kwa mshangao.

Hajainuka, chui huyo! Anamrukia mtoto, kinywa wazi. Kutoka kidimbwi kilichokuwa kando ya mti akachupa chura wa sumu, mdogo kama kidole gumba, mwekundu kama kaa la moto, moja kwa moja kinywani mwa chui. Chui akambana, akatoa povu, akaanguka, akafa. Chura akatambaa nje, mguu umevunjika. Mwili wa Hoza ukasisimka: kiumbe kidogo namna ile!

Ukungu ulipoinuka, yakasikika mashoka. Ni mumewe, Shekiondo, na wenzake wanafyeka shamba jipya, maana la zamani liliporomoka na mvua. Hoza akawasimulia yote.

Kwao, aliyeokolewa humfunga mbeleko mwokozi wake, na hapo shoka halifiki. Lakini mbeleko ni moja, wala haichanwi. Kuichana ni kuchana umri wa mtoto.

"Mama Kiluwa, chagua," alisema Shekiondo. "Mti tuuache, au kidimbwi tusikifukie. Vyote viwili, tutalima wapi?"

Mzambarau ukasema, "Nilimpa uhai kwa kuliwa. Bila mimi, chui angekuta maiti."

Chura akasema, "Nilimpa uhai kwa kutolika. Bila mimi, zambarau zako zingekuwa tumboni mwa chui. Nawe ulitoa ulichonacho tele. Mimi nilitoa mguu."

"Nitawalisha hata wajukuu wake. Wewe, nani atathubutu kukugusa?"

"Na chui mwingine akija, utamtupia zambarau?"

Hoza akafungua mbeleko. Kiluwa, midomo bado rangi ya zambarau, akamnyooshea chura kidole huku akicheka. Mama akaudaka mkono kabla haujafika.

Wanaume wakainua mashoka, wakamtazama.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mbeleko ni moja. Je, nani alistahili?