Firigisi ya Kuku wa Bi Mwanahawa

Mniwie radhi, jamani, hadithi hii nitaiharibu. Mke wangu huisimulia vizuri zaidi, ila leo amegoma, eti inamtia njaa.

Hapo zamani, nikiwa bado na nywele, mafuriko yalikizingira kijiji cha Mtopetope. Watu wakanywa maji ya tope, wakaharisha. Tukatumwa sisi wanne kupeleka dawa.

Kibwana wa stoo ndiye aliyefungasha. Pakiti za dawa ya chumvi akazitia mfukoni, mfuko ndani ya mfuko, mifuko ndani ya ndoo, ndoo akaizungushia utepe wa gundi.

"Kibwana," nikamwambia, "unafunga dawa au unavika sanda?"

Nesi Sikudhani akajifunga kiunoni chupa tupu ya lita moja.

"Dada," nikamuuliza, "tumekosa mizigo hata tubebe hewa?"

Akakaza fundo.

Ngwali, mpiga kasia, alikuwa na begi lake: kanzu mpya ya harusi yake ya Ijumaa.

Katikati ya maji, mtumbwi ukapinduka. Ndoo ikaenda huku, begi likaenda kule. Ngwali akaifuata ndoo.

Tulipofika, mtoto wa Bi Mwanahawa alikuwa hoi, macho yamezama. Tukafungua ndoo: dawa kavu kama unga! Lakini pakiti moja yataka lita moja kamili ya maji, na vyombo vya kupimia kijijini vyote vimesombwa. Sikudhani akaifungua chupa yake. Maji yakachemshwa, yakapoa, yakapimwa. Mtoto akanyweshwa kijiko kwa kijiko. Kesho yake akaulizia ugali!

Mama yake akachinja kuku wake pekee, aliyeokokea paani. Sasa, kuku ana firigisi moja, na kule Mtopetope firigisi haikatwi. Huliwa na mgeni mmoja, aliyestahili kuliko wote.

"Yangu," akasema Kibwana. "Bila mifuko yangu mngemnywesha tope."

"Wee! Ndoo yako ilikuwa safarini baharini, na ukavu wake!" akasema Ngwali. "Mimi Ijumaa naoa nimevaa fulana!"

"Oa, kaka," akasema Sikudhani. "Dawa bila kipimo ni kubahatisha. Mlinicheka. Leteni sahani."

Haya, wasikilizaji, nani alistahili?

Mimi msinitaje. Mimi ndiye niliyesimama kukata kiuno mtumbwini, ukapinduka. Ila sahani walinipa mimi niwashikie, na ubishi wao ulikuwa mrefu. Kwa hiyo mkishampata mwenyewe, mwambieni pole: chumvi ilikuwa imekolea.